Fleti ya Dubai kwa mshahara wa shilingi
Na Rehema Mwakio

Wikendi nyingi siku hizi, kumbi za hoteli jijini Nairobi hujaa watu waliokuja kununua nyumba za Dubai ambazo bado ziko kwenye ramani. Dalali anarudia neno lilelile: lipa asilimia 1 kila mwezi, bila riba. Walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa Eastleigh wanatia sahihi, nami ninawaelewa. Aliyewahi kuona watu watatu wakiuziwa ploti moja ana haki ya kuitamani sajili ya ardhi ya Dubai.

Sajili hiyo ni ya kuaminika. Sheria Nambari 7 ya 2006 iliwaruhusu wageni kumiliki nyumba moja kwa moja katika maeneo yaliyotengwa. Mwaka 2007 ikaja nyingine inayotaka fedha za wanunuzi ziwekwe katika akaunti maalum ya mradi, mjenzi azichote kadiri jengo linavyopanda. Kwa hiyo hofu yangu kubwa si utapeli. Ni sarafu.

Tangu 1997 sarafu ya huko, dirham, imefungwa kwenye dola: dola moja ni dirham 3.67 na ushei. Fleti ya dirham 800,000, kwa asilimia 1 kila mwezi, inakudai dirham 8,000. Mapema 2020, dola ilipokuwa karibu shilingi 100, hizo zilikuwa kama shilingi 218,000. Januari 2024 dola ikafika 160, na awamu ileile ikadai karibu shilingi 350,000. Mshahara ulibaki palepale. Baadaye mwaka huo shilingi ilijikaza hadi 129 hivi, lakini mwenye awamu ya kila mwezi hangeweza kuingojea.

Na kwa nini mjenzi, si benki, ndiye akukopeshe? Kwa sababu tangu 2013 Benki Kuu ya huko imezizuia benki kukopesha zaidi ya nusu ya bei ya nyumba isiyokamilika. Pengo hilo wajenzi wanaliziba wenyewe kwa awamu ndefu, nyingine zikiendelea hata baada ya kukabidhiwa funguo. Benki ingekagua mshahara wako na madeni yako mengine. Mjenzi anataka arbuni na nakala ya pasipoti.

Ukikwama, sheria inampa mjenzi nguvu ambazo brosha haizitaji. Idara ya Ardhi ya Dubai hukupa notisi ya siku 30. Mkataba ukivunjwa ujenzi ukiwa umeanza lakini haujafika asilimia 60, mjenzi anaweza kubaki na hadi asilimia 25 ya bei ya nyumba. Ya bei, si ya ulichokwisha kulipa! Kwa fleti yetu hiyo ni dirham 200,000, hivyo aliyelipa 180,000 anaweza kutoka mikono mitupu. Ujenzi ukivuka asilimia 60, kiwango hicho hupanda hadi 40.

Utaambiwa utaiuza kabla hujamaliza kulipa. Waliotegemea hivyo mwaka 2008 waliona bei zikianguka kwa zaidi ya nusu na miradi ikifutwa, huku kila mtu akitafuta mnunuzi kwa wakati mmoja.

Mkenya anayelipwa kwa dirham kule Ghuba ana hesabu nyingine, na sina neno naye. Mwenye fedha taslimu za fleti iliyokamilika na anunue, akikumbuka ada ya usajili ya asilimia 4 na ada ya huduma ya kila mwaka, na aandike wasia. Anayeniumiza moyo ni yule anayekopa Sacco ili alipe arbuni, au anayeweka hati ya shamba la baba yake benki. Huyo anabeba madeni mawili, la shilingi lenye riba na la dirham lisilomngoja, na nyuma yake wamesimama wadhamini waliodhani wanamdhamini alipe karo.

Sacco zinaweza kulizuia hili bila kungoja Bunge. Zikatae kutoa mkopo wa arbuni ya nyumba isiyokamilika ya ng'ambo, isipokuwa kwa mwanachama anayethibitisha ana kipato cha fedha za kigeni. Fomu ya mdhamini nayo ieleze mkopo unakwenda wapi, kabla hajatia sahihi. Mwanachama yeyote anaweza kulileta pendekezo hili katika mkutano mkuu wa mwaka, na ninaomba mlilete.