Jembe la Mjane

Matanga yakiisha waombolezaji hurudi makwao, na mjane mzee hubaki peke yake jikoni. Asiye na wa kumpikia huacha kupika. Hula kidogo, husinzia mchana, hukesha usiku. Hivyo huzuni yaweza kugeuka sonona, ambayo ni ugonjwa, si uzee wala uchawi. Ikizidi majuma mawili, apelekwe zahanati. Kazi ndogo za kila siku humtegemeza: kuamka mapema, kupalilia, kusali na jumuiya. Basi shemeji amnyang'anyaye shamba humnyima chakula, na sababu ya kuamka pia. Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hubatilisha mila imnyimayo mwanamke ardhi. Tumwachie jembe lake, na kila asubuhi tubishe hodi mlangoni pake.