Gurudumu la Maskini Lisiwekwe Rehani



Katika miji yetu mikubwa imezoeleka desturi ambayo watu wengi huilalamikia sokoni na ndani ya teksi, lakini wachache huipima kwa kipimo cha Injili. Kampuni ya watu binafsi hupewa na wakubwa wa mji mkataba wa kutoza ushuru wa kuegesha magari. Vijana wake huzunguka barabarani wakibeba kitabu cha risiti na chuma kizito ambacho kila dereva hukijua kwa jina la sabo. Gari likikutwa limesimama pasipo risiti, au risiti imepita saa yake, chuma hicho hufungwa kwenye gurudumu. Tangu dakika ile mwenye gari si bwana wa mali yake tena. Italazimu alikomboe kwa fedha, na fedha hizo atazitoa palepale, mkononi mwa yule yule aliyelifunga.

Sisi walei tunasema waziwazi kwamba desturi hiyo ni mbaya. Hatusemi kwamba ushuru wa kuegesha ni mbaya, wala kwamba kila mtu asimamishe gari popote apendapo. Tunasema kwamba kuzuia mali ya raia ili alipe ni uwezo mkubwa, na uwezo huo haustahili kuwekwa mikononi mwa mtu ambaye faida yake inatoka katika kosa la mwenzake.

Tuangalie kwanza jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Katika utaratibu wa mapato ya umma nchini mwetu kuna hatua nne: kuthibitisha deni, kukadiria kiasi chake, kutoa amri lilipwe, na kulipokea. Hatua hizo zimetenganishwa kwa makusudi, ili anayesema "unadaiwa" asiwe ndiye anayenyosha mkono kupokea. Penye sabo, zote nne hufanywa na kijana mmoja kando ya barabara, kabla hata mwenye gari hajatoka dukani. Kijana huyo ni shahidi wa kosa, ni hakimu wake, ni mtekelezaji wa hukumu, tena ni mtunza sanduku. Raia akisema kwamba alilipa ila risiti imepeperuka, au kwamba hakuna kibao kilichomwonya, atamwambia nani? Atalipa kwanza, kwa sababu kila saa anayosimama pale ni hasara juu ya hasara. Hapo haki haipimwi tena kwa ukweli. Inapimwa kwa haraka aliyo nayo mtu. Mwenye mgonjwa ndani ya gari atalipa upesi kuliko wote, hata kama ndiye asiye na kosa kuliko wote.

Kuna ubaya mwingine uliojificha ndani ya mkataba. Mtu aliyeajiriwa kuweka utaratibu hufurahi siku isiyo na kosa hata moja. Anayeishi kwa fedha ya kufungua magari, siku hiyo kwake ni siku ya njaa. Basi tusishangae kwamba vibao vya kuelekeza hubaki vichache na vilivyofifia, hali vyuma ni vingi na vinang'aa. Mji ulitaka barabara zipitike. Ukanunua watu wenye faida ya kuona makosa yakiongezeka. Tena gari lililofungwa chuma katikati ya msongamano haliondoki. Linabaki palepale lilipokuwa likizuia njia, mpaka fedha ipatikane. Kama lengo lingekuwa njia ipitike, lingesogezwa.

Wengine watatuambia: "Hayo ni mambo ya wenye magari, nao ni matajiri. Kanisa lishughulike na maskini." Wenye neno hilo hawajatazama magari yenyewe. Tajiri ana dereva anayebaki ndani ya gari, ana simu ya mkubwa fulani, na chuma hakimgusi. Anayefungwa ni mwenye teksi iliyochakaa, ambaye kila jioni humpelekea mwenye gari fedha aliyoahidi, na kinachobaki ndicho unga wa bukari kwa watoto wake. Anayefungwa ni mama aliyekodi gari dogo kushusha mihogo na mkaa. Gari la namna hiyo ni jembe, ni kinu, ni duka la mtu asiye na duka.

Hapa Neno la Mungu halituachi gizani. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Israeli anakatazwa kupokea jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu anayelichukua jiwe hilo amechukua uhai wa mtu. Mistari michache mbele, mkopeshaji anakatazwa kuingia nyumbani mwa mdaiwa ajichagulie rehani; asimame nje, mdaiwa mwenyewe amletee. Na akiwa mdaiwa ni maskini, vazi lake arudishiwe kabla jua halijatua, apate kulalia. Tutafakari vizuri: Torati haisemi kwamba deni limefutwa. Deni lipo, na lilipwe. Lakini kuna vitu ambavyo haviguswi ili deni lilipwe, navyo ni vile ambavyo kwavyo mtu anakula, analala na anapata nguvu ya kulipa deni lenyewe. Gurudumu la teksi ni jiwe la kusagia la mjini. Anayelifunga amesimamisha chungu jikoni.

Injili nayo inawajua watoza ushuru. Kwa muda mrefu Roma ilikuwa ikiuza haki ya kutoza kwa matajiri waliotoa fedha mbele, kisha wakajirudishia kwa wananchi. Kilichozidi kilikuwa faida yao. Ndiyo sababu watu waliwachukia watoza ushuru, hata wale wadogo wa vizuizini ambao hawakutunga mpango huo. Watozaji walipomwendea Yohane Mbatizaji kule Yordani wakamwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasidai zaidi ya kile kilichopangwa. Na askari aliwaonya wasimnyang'anye mtu wala kumsingizia, bali watosheke na mishahara yao. Mafundisho hayo mawili yanatosha kuandika mkataba mzuri wa maegesho: kiasi kijulikane, na anayefanya kazi alipwe mshahara badala ya kula sehemu ya alichonyang'anya.

Nasi Wakongomani tuna sababu ya pekee ya kuogopa jambo hili. Wakati wa Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, nchi hii ilikatwa vipande na kukabidhiwa makampuni. Kampuni kama ABIR ilipewa si msitu tu, bali pia uwezo wa kutoza kodi ya mpira na kuwashika watu. Wanawake walizuiwa kama rehani mpaka waume zao walete mpira. Hatulinganishi chuma cha gurudumu na mateso yale. Kufanya hivyo kungekuwa kuwatukana marehemu wetu. Tunataja mzizi. Mabaya yale yalianza siku ambayo uwezo wa Leta wa kulazimisha ulitiwa ndani ya mkataba wa biashara. Taifa lililopitia njia hiyo halipaswi kuikanyaga tena hata hatua moja ndogo.

Sheria yetu yenyewe iko upande wa raia. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 34, inatangaza kwamba mali ya mtu ni takatifu. Kifungu cha 19 kinampa kila mtu haki ya kusikilizwa na hakimu anayestahili, katika muda unaofaa. Kifungu cha 174 kinasema kwamba kodi haiwekwi ila kwa sheria. Kijana mwenye chuma si hakimu, na karatasi iliyotiwa sahihi kati ya ofisi na kampuni si sheria.

Hata nchi nyingine zimelijibu swali hili. Huko Uskoti, mwaka 1992, mahakama kuu ya jinai iliamua kwamba kulifunga gari la mtu katika kiwanja cha binafsi na kudai fedha ili lifunguliwe ni unyang'anyi na ni wizi. Uingereza na Wales zilijaribu kwanza njia ya upole: kwa sheria ya mwaka 2001 wafungaji wa magari wakatakiwa kuwa na kibali. Malalamiko hayakwisha. Ndipo sheria ya mwaka 2012 ilipokataza, tangu 1 Oktoba ya mwaka huo, kufunga magari katika viwanja vya binafsi pasipo idhini ya sheria. Mamlaka za umma zilibaki na uwezo huo pale sheria inapowapa, na mwenye kiwanja alibaki na haki ya kudai ada yake, lakini kwa barua, na mbele ya hakimu ikibidi. Basi, kama mwenye kiwanja hawezi kulifunga gari lililoingia kwake, mwenye mkataba tu atalifungaje gari lililo kwenye barabara ya wote?

Tunajua watakaotujibu kwa neno la Bwana juu ya Kaisari. Tunalipokea neno hilo lote. Katekisimu, katika namba 2240, inatufundisha kwamba kulipa kodi ni wajibu wa dhamiri. Mkristo anayetupa gari lake mbele ya lango la hospitali, au anayemkimbia mtoza ushuru halali, anakosa. Lakini Katekisimu hiyo hiyo, katika namba 1903, inafundisha kwamba mamlaka ni halali inapotafuta manufaa ya wote na kutumia njia zinazokubalika kimaadili. Kumpa Kaisari kilicho chake ni jambo moja. Kumpa mtu mwingine aliyekodi jina la Kaisari ni jambo la pili. Fedha inayotoka mfukoni mwa dereva na kuishia mfukoni mwa mfungaji, pasipo risiti, haijafika kwa Kaisari kamwe. Haijatengeneza hata shimo moja la barabara.

Na hapa kuna maneno kwa wenye magari pia. Sabo imezaa soko lake. Mwenye gari humvuta kijana kando, humpa nusu ya fedha kama "madesu ya bana", chuma kinafunguliwa, na wote wawili huondoka wakidhani wamepata. Kumbe mji umekosa, na chuma kimejifunza kwamba kinalisha. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyefanya kazi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani, alikataa fedha ili chakula kilichoharibika kisiingie nchini, na aliuawa kwa ajili hiyo mwaka 2007. Kanisa lilimtangaza mwenye heri tarehe 15 Juni 2025. Hatuwezi kubeba picha yake katika maandamano ya Jumapili, kisha Jumatatu tukanunua gurudumu letu kwa siri.

Tena tunawaomba ninyi nyote: msiwapige wala kuwatukana vijana wanaofunga magari. Ni watoto wa parokia zetu. Wengi wamesoma, wamekosa kazi, na wamepewa chuma badala ya mshahara wa kueleweka. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1987 juu ya maendeleo, alizungumzia miundo ya dhambi: mipango ambayo ndani yake hata mtu mwema huona amelazimika kutenda ubaya. Kijana huyo yumo ndani ya muundo wa namna hiyo. Tunaodai kuwajibika ni waliotia sahihi juu ya mkataba.

Tunadai nini, basi? Kwanza, kampuni yoyote ya binafsi isiruhusiwe kulizuia gari la mtu kwenye barabara ya umma. Gari likizuia njia, polisi wa barabarani waliondoe kwa kufuata sheria. Pili, ushuru wa kuegesha ubandikwe mahali wazi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, pamoja na saa na mipaka yake. Tatu, faini ilipwe benki au kwa simu, kwa namba ya risiti, na isipokelewe kamwe mkononi barabarani. Nne, kuwe na ofisi inayosikiliza malalamiko kabla ya malipo, yenye watu wasiolipwa na kampuni. Tano, vijana wa maegesho walipwe mshahara, pasipo kutegemea idadi ya magari waliyoyakamata. Sita, mkataba wenyewe utangazwe, tujue mji unapata nini na kampuni inapata nini.

Njia ya kudai haya ipo, nayo ni ya amani. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inawajibika kujibu ndani ya miezi 3. Tunazialika jumuiya hai za msingi kulizungumza jambo hili katika mikutano yao ya juma, kukusanya risiti na ushuhuda wa waliofungiwa magari, na kutia sahihi ombi moja kwa meya na kwa baraza la jimbo. Tusiandike kwa hasira, wala tusizidishe chumvi. Tuandike tarehe, mahali na kiasi, kwa maana ukweli ulioandikwa vizuri ni mgumu kufungwa chuma.

Zakayo alipomkaribisha Bwana nyumbani mwake, hakuimba zaburi. Alihesabu fedha: nusu kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Wokovu uliingia nyumba ile ukipitia katika kitabu cha mahesabu. Tunauombea mji wetu neema hiyo hiyo, na tunawaombea wakubwa wake ujasiri wa kukifungua kitabu.