ANAYEPASULIWA NGIRI AFUATWE MPAKA APONE



Ngiri ni ugonjwa tunaoujua sisi tunaoshusha magunia ya unga na saruji kutoka malori ya barabara ya Nimule, tunaobeba kreti viwandani, na wenzetu wa mashambani. Utumbo husukuma penye udhaifu wa misuli, na uvimbe hutokea kinenani. Dawa ya kunywa haiponyi ngiri ya mtu mzima. Huponywa kwa kupasuliwa. Utumbo ukinaswa hukosa damu, na mtu anaweza kufa.

Lakini shida haiishi mezani pa upasuaji. Mwenzetu hushonwa, akarudi nyumbani. Mwaka ukipita, nani anajua kama ngiri imemrudia, au kama maumivu yanamzuia kuinama? Asipoonekana tena hospitali, ni rahisi kusema amepona. Kumbe huenda amepoteza kazi.

Mashine ya kiwandani ina kadi yake: iliharibika lini, ilitengenezwaje, imedumu muda gani. Mwili wa mfanyakazi nao uandikwe.

Uswidi walianza daftari la namna hiyo mwaka 1992, kwa hospitali 8. Waliandika kila mgonjwa alivyopasuliwa, na kama alirudi kupasuliwa tena. Kila hospitali ikaona hesabu yake. Njia za upasuaji zikabadilika, na waliorudia kisu wakapungua.

Wengine watasema Uswidi ni matajiri. Basi tuwatazame jirani zetu. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2016, wanaume 302 wa mashariki ya Uganda walipasuliwa ngiri. Baadhi waliwekewa wavu wa bei kubwa, wengine wavu wa bei ndogo wa kitambaa cha chandarua, kilichouawa vijidudu. Baada ya mwaka, zaidi ya 95 katika kila 100 walipatikana na kuangaliwa. Ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu. Huo ulikuwa utafiti, si daftari la kudumu, lakini umeonyesha kwamba mtu wa kijijini anaweza kufuatwa. Kama wasingefuatwa, nani angeuamini wavu wa bei ndogo?

Wapo wenzetu wanaohofu kwamba mwajiri akiliona daftari atasema, "Huyu mbovu, atoke." Hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo tunadai:

Kwanza, kila hospitali inayopasua ngiri, Juba na mikoani, iweke daftari, na mgonjwa aulizwe hali yake baada ya mwezi na baada ya mwaka.

Pili, majina yabaki kwa waganga. Mwajiri, na hata sisi wa chama, tuonyeshwe hesabu tu.

Tatu, siku ya kwenda kuangaliwa ilipwe kama siku ya kazi.

Nasi tuna wajibu wetu. Ukipasuliwa, acha namba ya simu na jina la ndugu anayejua unapokaa. Ukiitwa, nenda, hata kama umepona. Hesabu bila waliopona ni hesabu ya uongo.

Umoja ni nguvu.