Usiniulize Jina la Gitaa

Nimechoka na swali moja: "Lina jina gani?" Mtu akisikia kwamba nyumbani kwetu Bariadi kuna gitaa la zamani, lile la kifua kilichobinuka na matundu mawili ya herufi f kama fidla, haulizi lingine. Akiambiwa kichwani halijaandikwa kitu, hamu inamwisha. Lingeandikwa Gibson, angekuwa ameshatoa pochi.

Sisi watu wa Simiyu hatukulelewa hivyo. Hii ni nchi ya pamba, na hakuna anayepanga daraja la pamba kwa maandishi ya gunia. Mkono unazama ndani, macho yanatenga safi na fifi. Ng'ombe mnadani tunamfungua mdomo, tunahesabu meno. Kwa nini gitaa tulisome kama bango la duka?

Mbao zenyewe zinasema. Chungulia ukingo wa tundu la f. Mistari ya mbao ikipita mfululizo toka juu hadi chini, kifua ni cha ubao mmoja. Ukiona matabaka yaliyogandishwa kwa gundi, ni mbao nyembamba zilizobinywa kwenye kalibu. Kisha tazama kichwa. Gibson, waliotoa L-5 yenye matundu ya f mwaka 1922, waliweka fimbo ya chuma ndani ya shingo, na kifuniko chake kidogo huonekana juu ya nyuzi zinapoingia kichwani. Pasipo kifuniko hicho, jina Gibson lishuku. Mwisho, angalia nyuzi zinapotoka kichwani: zikilala juu ya freti ya ziada kabla ya freti ya kwanza, fikiria Ujerumani kwanza. Höfner na Framus waliipenda sana.

Gitaa la marehemu mjomba wangu lina matabaka, lina freti hiyo ya ziada, halina kifuniko. Ndani kuna alama ya gundi palipokuwa na karatasi. Kwangu hilo ni gitaa la Kijerumani, na kukosa jina hakunishangazi. Mafundi wengi wa kule waliuza kazi zao kwa wafanyabiashara, na mfanyabiashara ndiye aliyebandika jina lake, au hakubandika kabisa. Baada ya vita ya 1945 mafundi wa Kijerumani walifukuzwa Schönbach, kule Chekoslovakia, na wengi wakaanza upya Bubenreuth. Watu waliopoteza mji waliendelea kuchonga magitaa. Hiyo si historia ya kudharau.

Baada ya arobaini walikuja wawili. Wa kwanza alitaja bei isiyofika ya mbuzi, kwa sababu "halina jina". Wa pili, fundi, alijitolea kulichora jina la Gibson ili liuzike. Wote wawili wanaamini jambo moja: kwamba gitaa ni maandishi.

Shangazi yangu ana hoja nzito. Jina ndilo linaloleta bei, anasema, na ada ya shule hailipwi kwa historia. Kweli, shangazi. Tukilazimika, tuliuze. Ila tuliuze kwa sura yake. Mnunuzi wa kwanza mwenye macho atachungulia lile tundu, na uongo wetu utakuwa wazi ndani ya dakika moja.

Kuna hasara kubwa kuliko ya familia moja. Bendi zetu zilijiita Jazz: Tabora Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz. Gitaa ndilo lililozibeba. Tukipaka jina la Kimarekani kila chombo cha zamani, wajukuu hawatajua wazee wao walishika nini mikononi, kilitoka wapi, na kwa nini kilisikika vile.

Mwenye gitaa la namna hii ndani achukue tochi na daftari. Aandike matabaka, freti, kifuniko, vishikio vya nyuzi, na nani alilipiga wapi. Rangi aiache dukani.