Msomi akifukuzwa, tusilalamike kwamba tunaandikwa na walio mbali

Kila mara unapozuka mjadala kuhusu jinsia na mapenzi, hakosekani mheshimiwa wa kusimama jukwaani na kutangaza kwamba utafiti wa mambo hayo ni wa kigeni, umeandikwa ng'ambo, kwa fedha za ng'ambo, na watu waishio ng'ambo. Nakiri kwamba maneno hayo yana chembe ya ukweli. Mengi yaliyoandikwa kuhusu maisha yetu ya faragha yameandikwa mbali nasi. Lakini mheshimiwa huyo aghalabu hasemi ni nani aliyewapeleka waandishi hao huko mbali.

Tuchukue kisa cha jirani yetu, Daktari Stella Nyanzi wa Uganda. Mama huyu alipata shahada ya uzamifu jijini London, akafanya utafiti Gambia na nchini mwake kuhusu mapenzi, uzazi na afya, kisha akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Makerere. Hapo palikuwa na mtafiti mwenyeji, Mganda akiwahoji Waganda. Mwaka 2017 serikali iliposema haina fedha za kuwanunulia wasichana wa shule sodo, kinyume cha ahadi iliyotolewa wakati wa kampeni, aliandika maneno makali mtandaoni dhidi ya Rais Yoweri Museveni na mkewe, ambaye ni Waziri wa Elimu, na papo hapo akaanza kuchanga sodo hizo yeye mwenyewe. Mwezi Aprili alikamatwa, akashtakiwa kwa sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na kuzuiliwa siku 33 kabla ya kupewa dhamana.

Msomaji asinielewe vibaya. Lugha ya Dkt Nyanzi ni ya matusi ya waziwazi, na mimi niliyelelewa na nyanya asiyevumilia hata neno "mjinga" mbele ya wakubwa siwezi kuisifu. Lakini tusi ni jambo moja na gereza ni jambo jingine.

Tena kilichonishtua zaidi si gereza. Ni ombi la waendesha mashtaka kwamba apimwe akili, kwa kutegemea sheria ya wagonjwa wa akili ya mwaka 1938, iliyotungwa na wakoloni. Mwanamume akiipinga serikali huitwa mhaini. Mwanamke akiipinga huitwa mwendawazimu, au huulizwa mumewe yuko wapi. Sisi Wakenya hatuna haki ya kuwacheka Waganda hapa. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipopinga jumba la orofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, wabunge walimdhihaki na rais wa wakati huo alisema mama huyo ana wadudu kichwani. Huyo ndiye aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004, nasi tukamwita wetu.

Dkt Nyanzi alikamatwa tena Novemba 2018 kwa ajili ya shairi kuhusu rais na marehemu mama yake. Agosti 2019 alihukumiwa kifungo cha miezi 18, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo alipokuwa amekwisha kukaa ndani zaidi ya mwaka. Kazi yake Makerere nayo ilikuwa imekwenda. Mwaka 2021 alikimbilia Nairobi, na Januari 2022 akahamia Ujerumani pamoja na wanawe, chini ya mpango wa chama cha waandishi cha PEN wa kuwapokea walio uhamishoni. Nairobi ilikuwa njia tu, haikuwa makao.

Sasa tujiulize, utafiti aliouacha nyuma utafanywa na nani? Mei 2023 Uganda ilipata sheria mpya dhidi ya ushoga, ambayo kifungu chake kuhusu "kuendeleza" ushoga kinaweza kumtia mtu gerezani miaka 20. Sheria hiyo ilipotoka ilimtaka pia kila mwenye kushuku kosa aripoti kwa polisi. Mahakama ya Kikatiba iliondoa sharti hilo la kuripoti Aprili 2024, ila sehemu kubwa ya sheria ikabaki. Mtu asiyejua kazi ya utafiti hawezi kuona uzito wa jambo hili. Mtafiti kabla hajauliza swali la kwanza humwahidi mhojiwa kwamba jina lake halitatajwa kwa yeyote. Bila ahadi hiyo hakuna atakayesema kweli, si kuhusu ushoga pekee, bali pia kuhusu Ukimwi, kuhusu mimba za wasichana, kuhusu mume anayempiga mkewe. Kwa takriban mwaka mmoja sheria ilimweka mtafiti wa Uganda mahali ambapo kutimiza ahadi hiyo kungeweza kuwa kosa la jinai. Aliye mbali angeweza kuandika. Aliye Kampala ilimbidi atafute mada nyingine.

Hapa kwetu tunakumbuka Profesa Micere Githae Mugo, mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyelazimika kuihama nchi mwaka 1982. Alinyang'anywa uraia wa Kenya, akapewa wa Zimbabwe, akafundisha Harare, kisha Marekani kwa miaka mingi mpaka akastaafu huko Syracuse. Alipofariki Juni 2023 rambirambi zilimiminika, na kila aliyezitoa alimwita mwalimu wetu. Wanafunzi aliowafundisha kwa muda mrefu zaidi, hata hivyo, ni watoto wa wengine.

Nako ughaibuni si peponi. Msomi mkimbizi hutegemea mwenyeji wake kwa chumba, kibali na ruzuku, na mwenyeji hupenda kusikia habari za mateso kuliko habari nyingine. Akieleza jinsi serikali yake ilivyomtesa, ukumbi hujaa. Akitaka kueleza jinsi wanawake wa kijiji fulani wanavyopatana juu ya mahari, viti hubaki vitupu. Baada ya miaka kadhaa hujikuta anaandika kile kinachosikilizwa, na ndipo yule mheshimiwa wetu hupata ushahidi wake.

Miaka michache iliyopita binti mmoja, mwanafunzi wangu, alitaka kuandika tasnifu kuhusu wahadhiri wanaodai ngono ili watoe alama. Kamati ilimwambia mada hiyo inaaibisha chuo, achague nyingine. Mimi nilikuwa kikaoni, nikanyamaza. Alipata nafasi katika chuo cha Ulaya, akawahoji wasichana wa Kenya kwa simu, wengi wao usiku wa manane, wakati wenzao wa bwenini wamelala. Mwezi uliopita alinitumia nakala, pamoja na barua ya kuniomba niipeleke katika maktaba yoyote ya chuo hapa nchini itakayokubali kuipokea. Nimekwisha kwenda mbili. Ya kwanza waliniambia nirudi na barua ya mkuu wa idara. Ya pili waliitazama jalada, wakanirudishia.