Hundi Kubwa, Picha Kali... Hela Ilienda kwa Nani?

Kila msimu picha ni ile ile. Mheshimiwa katikati, staa wa Bongo Fleva pembeni na miwani yake, vijana wa kikundi wameshika mfano wa hundi mrefu kuliko mtu. Insta inachafuka, laiki zinamiminika, moto moto!

Halafu? Kimya.

Hiyo ni mikopo ya asilimia 10. Tangu 2018 iko kwenye sheria: kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Hizo siyo hela za staa wala za mheshimiwa. Ni ushuru wa soko anaolipa mama ntilie na leseni anayokata muuza duka.

Ubaya ni kwamba wajanja walishaigeuza shamba la bibi. Ripoti za CAG zikaanika madudu: mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa. Aprili 2023 Serikali ikasitisha, 2024 ikairudisha na utaratibu mpya, na halmashauri 10, Jiji la Dar likiwemo, zikapangiwa kupitisha hela benki.

Sawa, benki itakagua karatasi. Lakini benki haimjui Juma.

Chukua Murukulazo, kule Ngara. Akitokea mtu akasema ana kikundi cha kufuga mbuzi, kijiji kizima kitauliza mbuzi wako wapi, maana kila mtu anajua zizi la jirani yake. Njoo Manzese au Tandale sasa. Mpangaji wa chumba cha tatu hamjui wa chumba cha nne. Hapo kikundi hewa kinapita kama upepo, na kijana aliyefungua banda la kuchomelea kweli kweli anaambiwa "rudi wiki ijayo" mpaka anachoka.

Na huyo wa Murukulazo naye ana lake. Asilimia ni 10 kote, ila 10 ya Ngara haiwezi kulingana na 10 ya Ilala. Mfuko ukiwa mdogo kwao, anapanda basi kuja Dar, anaongeza foleni ile ile.

Dawa siyo ngumu. Kabla ya picha, majina ya kikundi, biashara yao na kiasi wanachoomba vibandikwe ofisi ya mtaa na kusomwa kwenye mkutano wa wananchi. Mtaa ndio useme "hawa tunawajua". Na baada ya miezi sita, staa yule yule arudi kupiga picha na mashine ikifanya kazi, siyo na hundi.

Waliokopa nao warejeshe. Hela isiyorudi ni ya kijana mwingine anayesubiri zamu.

Haya wadau, mtaani kwenu nani anakijua kikundi kilichopata? Tiririka hapo chini.