Sweta Haizuii Malaria

Kila mvua ikianza hapa Nabuyoga nasikia maneno yale yale: mtoto ana homa kwa sababu alinyeshewa. Mvalishe sweta, mpe chai ya tangawizi, atapona. Mama zangu, kwa heshima zote, hapana. Sweta ni nzuri, baridi ya alfajiri hata mimi naijua. Lakini malaria inaletwa na mbu aliyezaliwa kwenye maji ambayo mvua imeacha, na huyo mbu anakuja usiku, mtoto akiwa amelala na hiyo sweta yake.

Zile siku mbili tatu za kungojea tangawizi ndizo zinatuulia watoto. Leo anacheza, kesho ana degedege. Homa ikianza, apimwe siku hiyo hiyo. VHT anatoboa kidole tu, majibu yanatoka kabla hujamaliza kupika chai.

Sasa nyinyi wa mashirika, msicheke, zamu yenu imefika. Mnatubandikia mabango: lala ndani ya neti. Neti gani? Hesabu yenu wenyewe ni neti moja kwa watu wawili. Nyumba niliyotembelea wiki jana ina watu saba na neti moja, imetoboka kama chujio. Halafu mkiona neti kuukuu imezungushiwa vifaranga mnapiga picha, ati watu hawana elimu. Si neti imekwisha jamani!

Mwaka wa 2008 nilikuwa mtoto tulipovuka Busia, tukikimbia vita vya baada ya uchaguzi kule Kenya. Tuliwekwa Mulanda kwenye mahema. Neti ungeifunga wapi humo? Usiku mama alikuwa anaingiza jiko la makaa ndani tupate joto, anafunga hema vizuri. Asubuhi vichwa vinatugonga sote, tunasema ni baridi. Kumbe ni ile hewa ya makaa, haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Mpaka leo naona majiko yakiingizwa ndani usiku. Bango la hiyo sijaliona.

Na msiniambie shida yetu ni tabia. Mwisho wa 2014 nyumba za Tororo zilianza kupuliziwa dawa ukutani, malaria ikashuka sana. Baadaye dawa ikabadilishwa, na miaka ya 2021 na 2022 malaria ikapanda tena. Kwani katikati hapo sisi tulibadilika nini? Tulikuwa watu wale wale, tunalala vile vile.

Vijana wa kikundi changu watafukia madimbwi na kuzibua mitaro kila Jumamosi, majembe tutaazima. Neti hatuwezi kushona. Mvua ya Machi haingojei bajeti yenu. Majina ya kila nyumba na idadi ya wanaolala humo nimeandika kwa mkono, daftari liko kwangu. Mje mlichukue Januari.